Jaketi la Afropunk: kupaka, kuchapa au kushona?

Kwa jaketi moja la kuvaa kila wikendi na kulifua bila kuogopa, shona viraka. Ukitaka sura ya mtu mgongoni, shika brashi. Mkiwa bendi, au kikundi cha watu kumi wanaotaka alama moja, chapeni kwa skrini, yaani fremu yenye wavu unaopitisha rangi. Hilo ndilo jibu fupi, na wengi litawatosha. Ila kuna kitu kinachoamua zaidi ya picha unayoiota, nacho ni jaketi lenyewe. Rangi inayodumu kwenye jinzi hubanduka mapema kwenye ngozi bandia, na kiraka kinachokaa vizuri kwenye jinzi nzito hukunjamana kwenye kitambaa kinachovutika.

Afropunk huchukua ukaidi wa pank, muziki wa roki wa fujo na mavazi yake, yaani nguo zilizochanwa, pini, miiba ya chuma na maneno ya kuchokoza wakubwa, ikauvika urithi wa Kiafrika: kanga, shanga, nywele zilizosukwa, michoro ya usoni. Jina lilienea kupitia filamu ya James Spooner ya mwaka 2003, kisha likabebwa na tamasha lililoanza Brooklyn mwaka 2005 na kufika Johannesburg mwishoni mwa 2017. Lakini watu weusi hawakuingia pank kama wageni. Bendi ya Death ya Detroit ilikuwa ikipiga muziki wa namna hiyo katikati ya miaka ya 1970, Bad Brains wa Washington wakaja nyuma yake, na Poly Styrene, mwimbaji wa bendi ya X-Ray Spex ya London, baba yake alikuwa Msomali. Nairobi nayo haina haja ya kuiga Brooklyn. Tuna michoro ya matatu, tuna miwani ya msanii Cyrus Kabiru iliyoundwa kwa vyuma chakavu, na tuna bendi ya Duma, ambao albamu yao ya kwanza ya 2020 ilipiga kelele hadi nje ya bara.

Chagua jaketi kwanza

Kwenye masoko ya mitumba ya Gikomba au Toi, wakifungua belo, mbio huwa ni za kamera, yaani nguo za daraja la kwanza. Kwa kazi hii waachie. Jaketi la jinzi lililotoboka kiwiko na kupauka kola, lile linaloishia kwenye fagia, rundo la mabaki, ndilo unalotaka, mradi mgongo uwe mzima. Livute kwa mikono miwili upande kwa upande. Likirefuka na kurudi kama mpira, lina nyuzi za kuvutika ndani yake, na rangi yoyote utakayoweka juu itapasuka kila unapokunja mikono. Lirudishe, chukua jinzi ya zamani isiyovutika.

Sasa geuza mgongo uhesabu mishono. Jaketi la jinzi la kawaida lina mshono wa kukata mabega, kisha mishono miwili inayoshuka na kukaribiana kiunoni. Kipande cha katikati kinachobaki ni chembamba kuliko watu wanavyodhani, mara nyingi sentimita 20 hadi 25. Brashi inavuka mishono hiyo kwa taabu kidogo, sindano inavuka ukiwa mvumilivu, skrini haivuki kabisa.

Kwa majaketi meusi ya ngozi, chungulia ukingo ndani ya mfuko au chini ya bitana. Ngozi halisi ina nyuzinyuzi zilizosokotana mpaka chini. Ngozi bandia ina utando mwembamba uliobandikwa juu ya kitambaa. Utando ukishaanza kudondoka magamba kwenye kola, hakuna dawa. Unyevu umeshavunja plastiki na kazi itaendelea hadi mgongoni. Usipoteze rangi hapo.

Na jaketi la madoadoa ya kijeshi, hata kama pank wa Ulaya wanalipenda, liache palepale sokoni. Kenya raia haruhusiwi kuvaa sare zinazofanana na za jeshi, na askari wa doria hatasubiri umweleze habari za sanaa.

Brashi

Kupaka kuna uhuru mwingi kuliko njia nyingine, na makosa mengi kuliko njia nyingine.

Fua jaketi kwa sabuni ya kawaida bila kilainishi cha nguo, kwa sababu kilainishi huacha mafuta yanayozuia rangi kushika. Likikauka, lipige pasi, uingize ubao uliofungwa nailoni ndani ili rangi isipenye mbele. Chora kwa chaki. Rangi iwe ya akriliki iliyochanganywa na dawa ya kitambaa, ile inayoifanya ipinde bila kuvunjika. Mara nyingi ni sehemu moja ya dawa kwa mbili za rangi, lakini soma chupa. Picha ya sentimita 35 kwa 40 hunywa kama mililita 80 hadi 100 kwa jumla.

Anza na tabaka jembamba la nyeupe, mahali pa picha tu. Bila hilo, buluu ya jinzi humeza njano na nyekundu, ukaishia kuongeza rangi juu ya rangi mpaka mgongo ukawa mgumu kama kadibodi. Tabaka tatu nyembamba ni bora kuliko moja nzito. Acha saa 24, kisha piga pasi kavu isiyo na mvuke juu ya kitambaa cha pamba, dakika tatu hadi tano kila sehemu, ukisogeza mkono muda wote. Usilifue kabla ya siku tatu kupita. Ukilifua, ligeuze nje ndani na utumie maji baridi.

Rangi ikipasuka, tazama imepasukia wapi. Mistari karibu na makwapa na mabega inasema tabaka lilikuwa nene. Ikibanduka vipande vipande, basi ni rangi ya ukuta, ambayo watu huinunua kwa kuwa kopo ni kubwa na bei ni ndogo. Kingo zikitambaa kama wino kwenye karatasi ya chooni, ulizidisha maji. Rangi ya kupuliza ya magari ni mtego mwingine. Wachoraji wa matatu hufanya maajabu nayo juu ya bati, lakini bati halikunjwi. Ukimpa mchoraji wa matatu jaketi lako, na mkono wake unastahili, mpelekee pia rangi ya kitambaa.

Ngozi ni habari nyingine. Ngozi halisi hufutwa kwa pamba yenye asetoni hadi mng'ao wa kiwandani utoke, ndipo ipakwe rangi ya ngozi kwa tabaka nyembamba sana, bila pasi. Asetoni hiyohiyo ikigusa ngozi bandia huiyeyusha. Kwa bandia tumia spiriti kidogo, jaribu kwanza upande wa ndani wa pindo, na utegemee kupaka upya baada ya muda.

Kuhusu cha kuchora: uso wa Dedan Kimathi, mpiganaji wa Mau Mau, na rasta zake umeshachorwa kwenye matatu, kuta na fulana hadi jicho halisimami tena. Mekatilili wa Menza, aliyewachochea Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913 kwa ngoma ya kifudu, ana ukaidi wa kutosha bendi kumi. Uso wowote utakaochagua, upunguze uwe vivuli vitatu: cheusi, cheupe na kimoja cha kati. Michoro yenye vivuli vingi laini hupotea mtu akisimama hatua tano nyuma yako.

Skrini

Gharama ya skrini iko mwanzoni. Fremu, wavu, emalsheni inayoganda ikipigwa mwanga, filamu ya mchoro: vyote vinahitajika uwe unachapa jaketi moja au hamsini, na kila rangi inataka skrini yake. Ndiyo maana kwa jaketi moja ni hasara, na kwa kumi inaanza kuwa na maana. Chagueni rangi moja. Nyeupe juu ya nyeusi ndiyo sura ya pank tangu zamani, na inawapunguzia skrini.

Kwa kitambaa, wavu wa nyuzi 43 kwa sentimita unapitisha rangi ya kutosha. Mistari myembamba sana inataka 77. Emalsheni hupakwa pande zote mbili na kukaushwa gizani. Jua la Nairobi la saa sita huiivisha upesi, kwa hiyo gawanya skrini ya majaribio, funua sehemu kwa sekunde kumi kumi, uone ipi inaosheka vizuri. Ikiiva kidogo, mchoro wote huondoka na maji. Ikizidi, hata palipotakiwa kufunguka hapafunguki. Wakati wa kuchapa, acha nafasi ya milimita mbili au tatu kati ya wavu na kitambaa, na vuta mpira wa kusukumia rangi mara moja kwa nguvu sawa. Miezi ya joto, Januari na Februari, rangi ya maji hukaukia kwenye wavu kabla hujamaliza foleni. Weka chupa ya kunyunyizia karibu. Rangi hiyo huiva, yaani hushika kitambaa moja kwa moja, kwa joto la nyuzi 150 hadi 160 za Selsiasi, na pasi ya nyumbani hailisambazi sawasawa, basi chapa kitambaa kimoja, kiive, kifue, ndipo uendelee na vingine.

Tatizo la mishono halina ujanja. Mpira ukipita juu ya mshono, rangi hulala bondeni na kuruka kilimani, na herufi hutoka na pengo. Wachapaji wazoefu hawachapi jaketi lenyewe. Wanachapa kitambaa kigumu cheusi cha pamba, sentimita 30 kwa 35, kisha kinashonwa mgongoni. Kwa hiyo hata anayechagua skrini mwishowe humwendea fundi wa cherehani.

Kama hamna pesa ya skrini, kuna stensili, yaani kiolezo kilichokatwa matundu ya mchoro. Filamu ya zamani ya eksirei ni nzuri kuliko kadibodi: inapinda, hailowi, hukatwa kwa wembe na kutumika mara nyingi. Tumia sponji karibu kavu, ukigonga bila kuburuta, la sivyo rangi huingia chini ya kingo. Kumbuka kuacha madaraja ndani ya herufi kama o na a, maana bila daraja tumbo la herufi hudondoka. Kwa anayeanza ningemtuma hapa kabla ya skrini.

Sindano

Hapa ndipo urithi na pank hukutana bila kulazimishwa. Pank huandika maneno ya kuudhi mgongoni kwa kalamu nene. Kanga imekuwa ikisema ya moyoni kwa maandishi kwa zaidi ya miaka mia moja, kwanza kwa herufi za Kiarabu, baadaye za Kirumi, na mlengwa huwa anajijua. Nenda maduka ya Biashara Street, soma majina, yaani maandishi ya kanga, kabla ya kutazama rangi. «Mdhaniaye ndiye siye» mabegani pa jaketi lililochanwa ina makali kuliko tusi lolote la Kiingereza. Doti moja inatosha majaketi mawili, hivyo gawana na mwenzio.

Kabla ya mkasi, fua kanga peke yake mara mbili au tatu, hadi maji yatoke meupe. Nyekundu na nyeusi huchuja, na pamba mpya hunywea. Ukiishona kabla haijanywea, itanywea ikiwa juu ya jinzi, na mgongo wote utajikunja kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Kisha bandika nyuma yake kitambaa kigumu cha kubandika kwa pasi, kwa kuwa kanga ni nyepesi mno kukaa peke yake juu ya jinzi.

Mpangilio unaofanya kazi: jina likae kwenye kipande cha mabega, mji, ile sehemu ya kati ya kanga, ushuke katikati ya mgongo, pindo lifuate kingo za mbele na mikono. Kata ukiacha sentimita moja na nusu ya kukunja. Sindano ya jinzi namba 16, mshono wa milimita tatu, uzi wa poliesta. Panapokutana mikunjo minne au mitano ya jinzi, zungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, usikanyage.

Ukimpelekea fundi, mpe maneno kamili: «Fundi, pindo usilikate, nataka lije ukingoni. Jina lisomeke mtu akiwa nyuma yangu. Na mfuko usinishonee.» La mwisho usilisahau. Kiraka cha kifuani kikipigwa mashine moja kwa moja, sindano hupitia mfuko wote na hutapata tena pa kuweka simu. Mikono nayo ni myembamba kwa mashine nyingi: ama fundi afumue mshono wa pembeni, ama ushone kwa mkono. Kwa mkono, uzi wa kusafishia meno uliopakwa nta ndio pank wengi hutumia. Ni imara, hauozi, na ukionekana ndiyo raha yenyewe.

Wanaopenda kingo zilizochanika waelewe kwamba kanga haijui kuishia. Itafumuka hadi katikati. Piga mshono wa zigizaga milimita tano kutoka ukingoni. Nyuzi zitaning'inia nje yake na kukomea hapo. Kitenge ni kizito zaidi na hustahimili, lakini maua yake makubwa yakikatwa na kipande chembamba cha mgongo hubaki doa tu lisiloeleweka, basi pima ua kabla ya kununua yadi. Atakayekukumbusha kwamba kitenge kina asili ya batiki ya Indonesia na viwanda vya Uholanzi anasema kweli, na pank haijawahi kudai cheti cha kuzaliwa. Shuka ya Kimaasai hupendeza kwa wekundu wake, ila nyingi ni za nyuzi za akriliki: pasi ya moto huzifanya zing'ae vibaya au ziyeyuke.

Shanga ndizo ghali, si kwa bei ya shanga bali kwa saa za mtu. Kiraka cha sentimita 10 kwa 10 kwa shanga za milimita mbili kinakula takriban shanga 2,500. Kwa za milimita tatu, zaidi ya elfu moja. Agiza kwa akina mama wa Kariokor au wa Maasai Market kiraka kilichoshonwa juu ya ngozi nyembamba, kisha ukishikize kwenye jaketi. Kushona shanga moja kwa moja kwenye jinzi ni kujitafutia kazi, kwani hutaweza kuzitoa wakati wa kufua. Uzi uwe wa nailoni. Kingo za shanga za kioo hukata uzi wa pamba polepole, hadi siku moja unasikia zinamwagika kwenye ngazi za matatu. Aliyeshona vizuri hurudi nyuma kila baada ya shanga nne au tano, hivyo uzi ukikatika hupotea chache. Usiweke shanga kiwikoni wala chini ya mkanda wa begi.

Muulize pia mshonaji mpangilio huo ni wa nani. Kuna mapambo ya bibi harusi na kuna ya rika la morani, na mama atakwambia bila kukuficha lipi halifai kuning'inia karibu na mwiba wa chuma. Kama unatengeneza ya kuuza, jambo hili si la adabu tu: Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na usanii wa kitamaduni, na jamii ina haki ya kuulizwa.

Chuma, halafu mpangilio wa kazi

Pini na ribiti huenda na njia zote tatu. Pini za bei ya chini hushika kutu msimu wa mvua na kuacha doa la kahawia lisilotoka. Pitisha rangi ya kucha isiyo na rangi juu yake, au lipia chuma kisichoshika kutu. Vifungo vyenye miguu hukunjwa kwa koleo kuelekea ndani, na nyuma yake ushone kipande cha kitambaa, vinginevyo vitakukwaruza mgongo. Vizibo vya soda vilivyopondwa kwa nyundo na kutobolewa matundu mawili ni mapambo ya karibu bure, ila kunja kingo kwanza. Miiba mirefu mabegani ifikirie mara mbili kama unasafiri kwa matatu saa za jioni, watu wakiwa wamebanana. Mlinzi wa duka kubwa naye atakupitisha kifaa chake kinachopiga kelele, na foleni nyuma yako itakuwa na maoni.

Ukichanganya njia, na jaketi zuri huchanganya, mpangilio haubadiliki. Fua kila kitu. Paka au chapa, uivishe rangi kwa pasi. Shona viraka. Kisha shanga. Chuma mwisho kabisa. Pasi haipiti juu ya shanga za plastiki wala juu ya ribiti, na cherehani ikigonga chuma sindano hukatika na kuruka. Aliyeanza na miiba akakumbuka picha baadaye hulazimika kuing'oa yote, na matundu ya kwanza hayazibiki.

Jaketi lililokamilika halirudi kwenye mashine ya kufulia. Toa kiraka cha shanga, funga pini zote, loweka kwenye beseni la maji baridi kwa dakika kumi, sugua kola na makwapa kwa brashi laini, suuza bila kukamua. Lianike kivulini likiwa limelazwa, kwa sababu chuma chenye maji huvuta mabega kushuka, na jua kali huchukua nyekundu ya kanga kabla ya rangi nyingine yoyote.